Kengele inalia, kitanda ni kitupu

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi na mama wa watoto wawili. Naishi Kisauni, kazi naifanya kisiwani, katika hospitali ya kibinafsi ambayo sitaitaja kwa sababu bado inanilisha. Wodi yetu ni ya wanawake, ghorofa ya pili. Mwaka huu karibu wote nimekuwa zamu ya usiku. Tunapangwa wawili, lakini mara kwa mara mwenzangu huitwa kusaidia kwingine nikabaki peke yangu.

Mwisho wa korido kuna chumba cha kitanda kimoja. Alilazwa humo bibi mmoja, mtu wa Lamu, saratani imeshamwenea mwilini. Tulizoeana. Wagonjwa wengine huniita sista, yeye aliniita mwanangu. Siku zake za mwisho alikuwa akizungumza na dada yake, na bintiye aliniambia kuwa huyo dada alishafariki zamani sana. Usiku mmoja akaniambia, "Mwanangu, mpe mgeni kiti." Nikasogeza kiti kando ya kitanda. Akashukuru, akalala.

Alipofariki sikuwa naye. Kengele yake ililia wakati nimemshika mgonjwa mwingine aliyekuwa akitapika damu. Nilipopata nafasi ya kwenda nikamkuta keshakata roho, gilasi yake ya maji imeanguka, maji yametapakaa kitandani hadi sakafuni.

Tangu hapo kengele ya chumba hicho hulia yenyewe, kuanzia usiku wa manane hadi karibu na adhana ya alfajiri. Mwanzo nilikuwa nakwenda, nakuta kitanda kitupu, shuka limetandikwa vizuri. Siku hizi yeyote aliye mezani huizima pale pale na kazi ikaendelea, maana wenzangu wanasema ukiitika ndiyo umemkaribisha. Na kuna usiku nilikuwa naandika faili nikasikia kwa masikio yangu, "Mwanangu, maji." Nikageuka. Hakuna mtu.

Halafu likanipata kubwa zaidi. Nilikuwa nimejinyoosha kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, saa tisa hivi za usiku. Nikafumbua macho na siwezi kuinua hata kidole. Mtu amenikalia kifuani, namwona kama kivuli, pumzi zinakatika. Nataka kupiga kelele, sauti haitoki. Baadaye akaniachia, nikakaa nalia mpaka mwenzangu akaja.

Wenzangu ndio wananiongezea hofu. Soja wa langoni anaapa kuwa alimwona mwanamke wa buibui akipanda ngazi, na alipomtazama miguu akaona kwato. Mhudumu wa mochari hubisha hodi kabla ya kufungua mlango, na akiingia huwasalimia waliolala humo. Dada mmoja mkongwe anasema lifti huja ghorofa yetu bila kuitwa, mlango ukafunguka, asitoke mtu. Stima ikipotea, jenereta ikaanza kunguruma chini ya dirisha letu, kila mtu humsogelea mwenziwe.

Mama yangu, ambaye yuko Majengo, ameshakata shauri: "Umepandwa, mwanangu. Huyo bibi yuwakutaka wewe." Alinipeleka kwa mwalimu mmoja nikanywa kombe, nikapata nafuu kidogo. Sasa amepata mganga anayetaka shilingi 60,000 na mbuzi mweusi. Mume wangu anasema natafuta sababu ya kukaa nyumbani. Mkuu wa wodi nilipomweleza alicheka mbele ya watu. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, bado kuipeleka.

Shangazi, huu ni mzuka? Na je, niache kazi?

Muuguzi wa Usiku, Kisauni

JIBU

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma yote, na kilichonitisha mimi ni kitu ulichokitaja ukapita mbio: kwamba siku hizi kengele ya chumba kile ikilia, aliye mezani huizima na hakuna anayekwenda. Hospitali ya kulipia haikiachi kitanda kikae bure. Kama si leo ni kesho, atalazwa humo mtu mwingine, atabonyeza kwa sababu ameshindwa kupumua, na mkono wa aliye mezani umeshazoea kuzima. Wewe unaniuliza habari za aliyekufa, nami siwezi kukujibu kabla hatujamaliza habari za huyo ambaye bado hajalazwa.

Kengele ya wodini ni kitufe na waya, au kitufe, betri na redio ndogo ndani yake. Mombasa unaijua. Hewa ya chumvi inakula bawaba, inakula mabati, inakula pasi za umeme, na kitufe cha plastiki chenye vipande vya chuma ndani hakina kinga ya ajabu. Vipande hivyo vikiliwa na kutu, unyevu ukaingia katikati, mkondo unaweza kupita bila kidole cha mtu. Tena wewe mwenyewe umeniambia kwamba gilasi ilianguka na maji yakatapakaa kitandani. Kitufe cha mgonjwa kwa kawaida hukaa wapi? Hapo hapo, kando ya mto. Sisemi nimeshalimaliza fumbo kutoka kwangu nyumbani, lakini kabla ya mganga ningemwita fundi. Huenda hata mchana inalia, ila wakati huo wageni wanaongea, magari ya chakula yanapita, nani ataisikia?

Kwa hiyo ukiingia zamu leo, fungua daftari. Andika tarehe, saa iliyolia, nani alikwenda, alikuta nini. Ikilia, mtu aende, kila mara, hata kama amekwenda mara kumi. Kama mko wawili mwende wawili. Halafu umwandikie mkuu wa wodi kwamba kengele ya chumba fulani ni mbovu na inahatarisha wagonjwa, ubaki na nakala. Akisikia mzuka atacheka. Akisoma kengele mbovu, penye tarehe na sahihi yako, hatacheka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi anayeona hatari kubwa kazini amwarifu msimamizi wake, kwa hiyo hapo humsumbui mtu, unatimiza wajibu.

Hizo stori za wenzako usizichukie sana. Hospitali gani haina zake? Hata St Thomas', kule London, ina bibi yake wa mavazi ya kijivu, ambaye wauguzi wamesimuliana habari zake kwa miaka mingi. Watu wanaokesha pamoja na wanaokufa lazima wawe na la kuongea saa tisa ya usiku. Yule dada mkongwe amwulize fundi wa lifti: nyingi zimepangwa zikikaa bila abiria zirudi zenyewe ghorofa fulani zingoje. Huyo mwanamke wa kwato ni mwenyeji wetu. Ameonekana darajani Nyali, ameonekana ufuoni, amepanda matatu, amepewa lifti na madereva wa malori, na kila anayesimulia alisimuliwa na binamu ya jirani. Soja wako ndiye wa kwanza ninayemsikia kasema kamwona mwenyewe, nami ningependa kujua alikuwa amekesha usiku wa ngapi mfululizo. Mhudumu wa mochari mwacheni. Anayewapigia hodi maiti hatawaburura kama magunia, na natamani siku yangu ikifika nipate mtu kama yeye.

Sasa tuje kwa bibi wa Lamu, maana hapo ndipo penyewe.

Kumwona dada yake hakukuwa mwanzo wa mkosi. Katika hospisi moja ya Buffalo, jimbo la New York, daktari Christopher Kerr na wenzake waliwahoji wagonjwa 59 waliokuwa karibu na kufa, wakachapisha waliyoyasikia mwaka 2014. Karibu tisa katika kila kumi walisema wameota au wameona kitu cha namna hiyo. Kadiri kifo kilivyosogea ndivyo walivyozidi kuwaona jamaa waliokwisha kufa, na kuwaona hao kuliwatuliza kuliko kuwaona walio hai. Wauguzi wa zamani wanalijua hili bila kusoma utafiti: mgonjwa akianza kuzungumza na mamake marehemu, wanawaambia watoto wasiende mbali. Kuna kuweweseka kwa namna nyingine, mtu akashtuka, akapigana na dripu, asimjue hata mwanawe. Huyo mwitie daktari, huenda ni homa, ni dawa, ni figo, na mara nyingi hutibika. Lakini bibi yako alikuwa mtulivu na ana adabu zake, anataka mgeni akae. Hukubishana naye, hukumwambia hakuna mtu, ulisogeza kiti. Wapo waliosomea kazi hii miaka mingi na wasingefanya hivyo.

Na hiyo sauti? Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alichapisha habari za wajane 293, wanaume na wanawake, aliowauliza kama wamewahi kumhisi mwenzao aliyekufa. Karibu nusu walisema ndiyo, wengine kumsikia, wengine kumwona, na wengi hawakuwa wamemwambia mtu yeyote. Walikuwa watu wazima wa akili zao. Kufiwa hufanya hivyo. Ila wao walikuwa wamefiwa, na watu walitambua kuwa wamefiwa. Wewe je? Bintiye alikaa matanga, akasomewa hitima, majirani wakaja na vyungu. Wewe ulinawa mikono, ukatandika shuka, ukaenda kitanda kingine, na hapana aliyekupa pole. Tena kuna jambo linalokukaa rohoni ambalo hukulisema wazi: kwamba aliita na hukufika. Binti yangu, ulikuwa umemshika mtu anayetapika damu. Muuguzi mmoja na wito wawili, mmoja lazima ungoje, na huo mgawanyo hukuupanga wewe. Aliyeamua kwamba wodi nzima ilindwe usiku na mtu mmoja ndiye wa kuulizwa, naye nina hakika usiku ule alilala vizuri.

Mimi ni Mwislamu na siwezi kukwambia hakuna majini. Kurani ina sura nzima ya jina hilo, ya 72. Lakini dini hiyo hiyo inatufundisha kuwa aliyekufa yuko barzakh, roho zinakongojea Kiyama, na hatoki kuja kubonyeza kengele wodini. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya mama, hilo la "bibi yuwakutaka" halisimami. Kama sauti uliyoisikia ilikuwa ya maji, toa sadaka ya maji kwa niaba yake. Weka mtungi mahali watu wanapopita, au nunua madumu machache upeleke madrasa. Msomee Fatiha. Kama bintiye alikuachia nambari, mpigie umpe pole umsimulie habari za kiti. Sikupi dawa ya kufukuza mtu hapo, nakupa matanga yako, uliyonyimwa.

Kombe sina neno nalo: zafarani, maji ya waridi na aya, ukapata utulivu, alhamdulillahi. Huyo wa shilingi 60,000 na mbuzi mweusi, hapana. Ayatul Kursi haina bei na unaijua kwa moyo. Mama usigombane naye, anakupenda na anaogopa. Mwambie Shangazi kasema mngoje kwanza fundi wa kengele aje; mganga wa kweli hataharibika kwa kungojeshwa mwezi mmoja.

La benchi, hilo ni jinamizi, tangu zama za mababu tunaliita hivyo. Tunapoota, ubongo hulegeza misuli ya mwili ili tusiamke tukapiga mateke ukuta. Mara nyingine macho na fahamu huamka kabla mwili haujaachiwa, ndoto nayo haijakatika, basi mtu anajiona yu macho, hawezi kusogea, kifua kizito, na kuna kiumbe chumbani. Huchukua sekunde kadhaa au dakika chache kikaisha. Huwapata zaidi waliokosa usingizi, wanaolala saa zisizo na mpango na wanaolala chali. Muuguzi wa usiku kwenye benchi ana vyote vitatu! Wakumbuke jirani zetu wa Pemba na Unguja mwaka 1995, walipokesha nje na mikeka yao kwa kumwogopa Popobawa, jini aliyesemekana kuwavamia watu usiku vitandani. Waliofuatilia kisa hicho wameona kwamba mengi yaliyosimuliwa yanafanana na jinamizi neno kwa neno. Ukijinyoosha tena, lala ubavu. Likikushika, usipigane nalo kwa mwili mzima. Jaribu kidole kimoja cha mguu na upumue polepole. Usitafune muguka ili kukesha, na kabati la dawa za wodi usiliguse kwa ajili ya usingizi wako. Wauguzi wazuri wameanguka hapo.

Jenereta pia uliitaja kama pambo la hadithi, mimi imenisimamisha. Mwaka 1921, katika jarida moja la madaktari wa macho la Marekani, daktari William Wilmer alieleza habari za familia iliyokuwa ikisikia nyayo, ikiona watu wasiokuwepo, na kuamka imechoka na vichwa vinauma. Ilikuwa tanuri bovu la kupashia nyumba joto, linavujisha gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Mashine inayonguruma chini ya dirisha lililo wazi inatoa gesi hiyo hiyo. Mkimaliza usiku wa stima kupotea, vichwa vinawauma wote? Kuna kichefuchefu? Kama ndiyo, iandikeni pamoja na kengele, na moshi uelekezwe kwingine, maana hiyo inaua wagonjwa na wauguzi bila kubagua.

Kama baada ya kupumzika na kulala bado unasikia sauti ukiwa macho kabisa, au zinakuamuru, au unajiona ni heri ufe, nenda kwa daktari wa akili bila kuona haya. Ungemwambia mgonjwa wako vivyo hivyo. Pia kuna nambari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, ya bure, ya kuzungumza na mtu.

Mumeo mwonyeshe jibu hili. Kisha mpe kazi: siku unayotoka zamu, watoto ni wake hadi saa nane mchana, simu yako izimwe, pazia lishushwe, na asikuamshe kukuuliza chumvi iko wapi.

Barua ya kuacha kazi usiipeleke wiki hii. Omba kwanza uhamishiwe zamu za mchana kwa mwezi mmoja au miwili, uombe kwa maandishi, na kama una siku za likizo zilizolala zichukue. Ukishalala ukashiba usingizi na bado unataka kuondoka, ondoka, hakuna atakayekulaumu kwangu. Ila hiyo uliyoiandika ichane uandike nyingine, na mahali pa sababu usiweke mzuka. Weka idadi ya wagonjwa uliokuwa ukiachiwa peke yako usiku, ili atakayeingia nafasi yako aikute imeandikwa.